Kilembe: Shaba Iliondoka, Pampu Zikabaki

Maneno yaliyotolewa mbele ya kikundi cha wapenda safari, Upanga, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mstari wa mbele, dada zangu na kaka zangu, habari za jioni.

Mwenyekiti amenipa nusu saa na amenionya nisivuke, kwa sababu kuna watu hapa wanarudi Mbagala na wengine Kibaha. Nitajitahidi. Nikizidisha, mtu akohoe.

Niliombwa nizungumze juu ya Kilembe, mji mdogo wa milimani huko magharibi ya Uganda. Lakini naomba nianzie hapa hapa mjini, Barabara ya Mandela. Nyote mmewahi kukwama nyuma ya yale malori marefu yanayokwenda bandarini, yenye namba za Zambia na Kongo. Mengi yanabeba vibamba vya shaba, vimepangwa na kufungwa kwa mikanda ya chuma, vizito kiasi kwamba lori linaonekana halijajaa kumbe limefika mwisho wa uwezo wake. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na sababu kubwa ilikuwa hiyo hiyo: Zambia ipate njia ya kutolea shaba yake bila kupitia kwa makaburu. Kwa hiyo sisi wa Dar es Salaam shaba tunaijua ikiwa safarini. Inapita, inapakiwa melini, inakwenda zake. Kule inakotoka hatukufikirii sana, na mji ambao shaba yake ilishapita yote ndiyo kabisa hatuufikirii.

Kilembe ndio mji wa namna hiyo.

Ukishafika Kasese mjini, ambako ni tambarare na jua linachoma, unachukua gari au bodaboda kuelekea milimani, kilomita kumi na kidogo. Kasese uko karibu sana na mstari wa ikweta, na mbele yake kuna Hifadhi ya Queen Elizabeth yenye tembo na viboko. Ukigeuza uso upande wa pili unaona ukuta wa mlima, mara nyingi umevaa mawingu. Barabara inaingia kwenye bonde, bonde linazidi kubana, hewa inapoa, na pembeni yako muda wote unao mto Nyamwamba. Kilembe imejipanga ndani ya bonde hilo, kwenye mwinuko wa mita kama 1,450. Hakuna mahali pa kutanuka. Nyumba, shule, hospitali, kanisa, kiwanja cha mpira na mitambo ya mgodi, vyote viligawana kipande chembamba cha ardhi kati ya mto na mteremko.

Mlima wenyewe ni Rwenzori. Kilele chake cha juu, Margherita, kina mita 5,109, cha tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Hapa niwe mwalimu kidogo. Kilimanjaro wetu ni volkano; umejengwa na moto, tabaka juu ya tabaka. Rwenzori haukutoka motoni. Ni bonge la mwamba wa kale sana, lililosukumwa juu wakati Bonde la Ufa linapasuka pembeni yake. Miamba ambayo ingekaa chini kabisa ya miguu yetu, huko imeinuliwa ikawa mlima. Na ndani ya miamba hiyo, upande huu wa mashariki, kulikuwa na shaba, imechanganyika na madini ya chuma na salfa yenye kobalti ndani yake. Kobalti ishikeni, nitairudia.

Historia ya mgodi nitaipitisha haraka, maana tarehe nyingi zinalaza watu. Kampuni ya Kilembe Mines ilianzishwa mwaka 1950 kwa mtaji uliotoka zaidi Kanada, na baadaye mwekezaji aliyejulikana zaidi akawa kampuni ya Falconbridge. Shida ya kwanza haikuwa kuchimba. Shida ilikuwa kuitoa shaba huko. Reli ya kutoka Kampala ikasogezwa hadi Kasese, zaidi ya kilomita 300, ikakamilika mwaka 1956, na mwaka huo huo mgodi ukaanza kuzalisha. Mawe yalisagwa na kuchenjuliwa Kilembe, makinikia, yaani ule unga wenye shaba nyingi unaopatikana baada ya kuchenjua, yakapanda treni hadi Jinja, yakayeyushwa huko kwa umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, kisha shaba ikashuka Mombasa. Neno makinikia silifafanui zaidi. Tangu mwaka 2017 hakuna Mtanzania asiyelijua.

Kwa miaka kumi na mitano hivi Kilembe ilikuwa mji wa kujivunia. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa ya tatu kwa kuiingizia Uganda fedha za kigeni, baada ya kahawa na pamba. Kwenye kilele chake mgodi ulitoa tani kama 17,000 za shaba kwa mwaka. Wafanyakazi walitoka pande zote za Uganda, na wengine Kenya, Rwanda na Kongo. Watu wa makabila yote hayo hawakuwa na namna ya kuelewana chini ya ardhi ila kwa Kiswahili, na mpaka leo ukikutana Kilembe na mzee aliyewahi kuvaa kofia ya taa mnazungumza bila mkalimani. Kiswahili chake kimekatwakatwa kidogo, ngeli zimepotea njiani, lakini ukimsikiliza akieleza jinsi baruti inavyotegwa huulizi mara mbili.

Halafu mambo yakaja kwa pamoja. Bei ya shaba duniani iliporomoka katikati ya miaka ya 1970. Idi Amin alikuwa madarakani tangu 1971. Waasia walifukuzwa 1972, na pamoja nao wakaondoka wafanyabiashara na mafundi wengi waliokuwa wakileta vipuri. Wakanada nao wakaondoka, mgodi ukabaki mikononi mwa serikali. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli la pamoja likavunjika nayo. Aprili 1979 majeshi yetu yakaingia Kampala. Hiyo nawaachia wazee wa mstari wa mbele. Ilipofika mwaka 1982 uzalishaji ulikuwa umekoma. Treni nayo ilikoma kufika Kasese katika miaka iliyofuata, na leo unaweza kufuata tuta la reli sehemu fulani ukakuta mtu amepanda mihogo.

Sasa nifike kwenye kile kilichonifanya nikubali kuja kuzungumza.

Nilikwenda Kilembe nikidhani nakwenda kuona mgodi uliofungwa. Mgodi uliofungwa, kwa mawazo yangu, ni shimo lenye kufuli. Mzee mmoja aliyetutembeza alinionyesha milango ya mahandaki kwenye mteremko, akanionyesha jengo la kinu limeota kutu, mabati yanapiga kelele kwa upepo, mikanda ya kubebea mawe imening'inia. Vitu vya kupigwa picha, na wageni huvipiga sana. Lakini mzee hakusimama hapo. Alitaka tuzungumze kuhusu maji.

Mlima ule hunyesha karibu mwaka mzima. Maji yanapenya kwenye miamba, na yakikuta handaki yanaingia. Mgodi ukiwa hai, kuna pampu zinafanya kazi usiku na mchana. Mgodi ukisimama, mvua haisimami. Ukizima pampu, mahandaki ya chini yanajaa, nguzo zinaoza, na siku mtu akitaka kufufua mgodi hakuna cha kufufua. Kwa hiyo tangu uzalishaji ukome, kampuni ya Kilembe iliendelea kuwepo kwa miongo mingi bila kuuza hata kilo moja ya shaba mpya, ikiwa na wafanyakazi wa kuutunza mgodi, na sehemu kubwa ya kuutunza ni kusukuma maji. Umeme ulitoka kwenye kituo kidogo cha mto Mubuku, megawati 5, kilichojengwa kwa ajili ya mgodi wenyewe. Umeme unaozidi ukauzwa kwenye gridi. Nyumba za wachimbaji zikapangishwa. Karakana ikapokea kazi za nje. Yaani mgodi uligeuka kuwa mwenye nyumba na muuza umeme ili aweze kulipia pampu zake.

Mzee aliniuliza kama sisi Watanzania, dhahabu yetu ikiisha, tumeshaamua nani atalipa umeme wa pampu. Sikuwa na jibu la kumpa, nikamwambia tuendelee kutembea.

Na maji hayo yanayosukumwa yanakwenda wapi? Hapo ndipo ile salfa inapoingia. Madini ya chuma na salfa yakiwa ndani ya mwamba, yametulia, hayamdhuru mtu. Ukiyasaga ukayamwaga nje, yakakutana na hewa na mvua, yanatengeneza asidi. Asidi inayeyusha shaba, kobalti na metali nyingine zilizobaki kwenye mawe, na maji yanazibeba. Huna haja ya maabara kuona jambo hili. Kuna vijito vidogo pale ambavyo mawe yake yamepakwa rangi ya machungwa. Na kule chini Kasese, mahali ambapo mabaki yalirundikwa enzi za mgodi, maji yake yalichuruzika hadi ndani ya hifadhi kuelekea Ziwa George, na njia yaliyopita iliacha uwanda usiota nyasi. Hifadhi yenye mvua na rutuba, halafu katikati yake kuna mkanda mtupu.

Lile rundo la Kasese lina hadithi yake, nayo ni ya kutia moyo kiasi. Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wana kitu wanachokiita marudio: mabaki ya uchenjuaji wa kwanza, unayapeleka kuchenjuliwa tena kwa sababu mwenzio aliacha dhahabu ndani. Kasese walifanya marudio makubwa. Zamani kobalti haikuwa na maana kwa waliotaka shaba, wakaitupa pamoja na ile salfa, kiasi cha tani milioni moja hivi. Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ikaanza kulichenjua rundo hilo kwa kutumia bakteria. Ndiyo, vijidudu. Kuna bakteria ambao chakula chao ni hayo hayo madini ya chuma na salfa. Unawaweka kwenye matangi makubwa, unawapulizia hewa, wao wanayavunjavunja, kobalti inabaki kwenye maji na unaikamata. Kile kilichokuwa kinatengeneza sumu mtoni bila usimamizi kikawekwa ndani ya tangi kikafanya kazi ya mshahara. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 2013 hivi, rundo likawa limekwisha. Leo watu wote wanaililia kobalti kwa ajili ya betri za simu na magari, na Kasese waliianza mapema kabla haijawa fasheni.

Kobalti iliondoka kama shaba ilivyoondoka, hilo nalo lazima niliseme. Ila angalau safari hii uchafu nao ulipungua.

Mwaka huo huo wa 2013 mambo mawili yalitokea Kilembe. La kwanza ni la furaha ya muda: serikali ya Uganda iliipa kampuni ya Kichina, Tibet Hima, mkataba wa miaka 25 kuufufua mgodi. Watu wakapiga vigelegele. Mwaka 2017 serikali ikauvunja mkataba huo, ikisema masharti hayakutimizwa. Kwa miaka iliyofuata alitafutwa mwekezaji mwingine, na Kilembe kila mtu alikuwa na taarifa zake mpya kuhusu nani anakuja, lini, na mjomba wa nani ameahidiwa kazi.

La pili ni mto. Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa ilinyesha milimani na Nyamwamba ukashuka na kila kitu kilichokuwa kwenye njia yake. Sisi watu wa Jangwani na Bonde la Msimbazi tunajua mafuriko, lakini mafuriko yetu ni ya maji yanayopanda, yanakuingilia ndani, yanakuharibia godoro. Ya kule ni ya mawe. Mto unashuka kutoka juu sana, umbali mfupi, mteremko mkali, unabeba majabali. Watu walikufa, maelfu walikosa makazi, madaraja yakakatika, hospitali ya Kilembe ikavamiwa na maji na tope. Mto ukarudia mwaka uliofuata. Mei 2020, katikati ya korona, ukashuka tena, na safari hii wagonjwa wa hospitali ikabidi wahamishwe. Ukisimama leo kwenye mtaa wa Namhuga unaona kitanda cha mto kimekuwa kipana kuliko barabara zetu za njia nne, kimejaa mawe meupe ya kila ukubwa, na pembezoni kuna nusu-nyumba. Sebule ipo, chumba cha kulala hakipo.

Sababu zinatajwa nyingi. Mvua zimebadilika. Barafu ya juu inakwisha: mwaka 1906, Mwitaliano Luigi Amedeo, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alipopanda Margherita, barafu ya Rwenzori ilifunika takriban kilomita za mraba 6.5, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imeshuka chini ya kilomita moja ya mraba. Mwanzoni mwa 2012 moto uliunguza eneo kubwa la mimea ya juu, ile inayokunywa mvua kama sifongo, na mwaka mmoja baadaye yakaja mafuriko. Na bonde lenyewe limejengwa hadi mdomoni mwa mto, kwa sababu mgodi ulihitaji watu wake wakae karibu. Mimi si mhandisi wa mito, lakini nilichokiona kwa macho ni kwamba magwangala ya mgodi, yale mawe taka, yalimwagwa kando ya mto kwa miaka mingi, na mto ukishuka hauulizi jiwe hili ni la Mungu au la kampuni.

Mtaniuliza, sasa kwa nini watu hawaondoki? Nami niliuliza. Wapo waliohama. Lakini Kilembe ina hospitali, na hospitali ina chuo cha uuguzi. Ina shule. Nyumba, pamoja na uzee wake, ni za tofali na zilijengwa vizuri. Tatizo ni kwamba si za wakaaji, ni za kampuni, na wengi wamezaliwa ndani yake na sasa wanalea wajukuu humo wakiwa bado wapangaji. Bati likivuja, je, ulibadilishe kwa hela yako wakati nyumba si yako, na mwekezaji anaweza kuja mwezi ujao akaitaka? Hili lilinigusa kuliko majengo ya kutu. Mji wa kampuni ni mtamu kampuni ikiwepo: maji bure, umeme bure, klabu, sinema, timu ya mpira. Kila kitu unapewa, hakuna kilicho chako. Wale wa hapa waliokulia Mwadui, mji wa mgodi wetu wa almasi, wakati wake mzuri wananielewa, naona wanatikisa vichwa.

Sasa, wapo wenzetu walio na shughuli za utalii hapa ukumbini, na nina neno nao kidogo. Kilembe siku hizi inatajwa kwenye vipeperushi kama mahali pa kuanzia kupanda Rwenzori. Ni kweli, njia inaanzia mtaa wa juu uitwao Kyanjuki, na vijana wa pale, wengi wao Wakonzo, ni wapagazi na waongozaji wazuri mno. Kupanda na kushuka huchukua wiki moja au zaidi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, ambayo iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1994. Lakini mgeni anateremshwa hotelini Kasese usiku, alfajiri anapitishwa Kilembe ndani ya gari lenye vioo vyeusi, anaanza kupanda. Anapita katikati ya kitu chenye kufundisha kuliko barafu, na haambiwi. Anayeambiwa anaonyeshwa kutu apige picha. Jamani, watu wanaanika nguo kwenye hizo kutu. Ni uani kwa mtu.

Mkienda, laleni Kilembe kwenyewe. Kuleni bundu, ugali wao wa muhogo, kwa samaki wa ziwani. Mkiwa na siku ya ziada, shukeni Katwe, kwenye ziwa la chumvi katika wilaya hiyo hiyo. Pale watu wamevuna chumvi tangu enzi ambazo hakuna anayezijua mwanzo wake, kila familia na kijiruba chake, bila handaki wala pampu, na bado wanavuna. Ni kazi ngumu, inachubua ngozi, siisifii. Lakini ukitoka Kilembe asubuhi ukafika Katwe mchana unapata maswali mengi ya kujiuliza ndani ya gari.

Na mengine ya hayo maswali yanatuhusu. Ukipanda basi la Mwanza, baada ya Singida unafika mlima Sekenke, pale madereva wanaposhusha gia na abiria wanaacha kupiga soga. Wajerumani walifungua mgodi wa dhahabu Sekenke mwaka 1909. Wakati wa Vita ya Kwanza, walipozingirwa na fedha kuisha, walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu ya Sekenke, mwaka 1916, rupia 15, zenye picha ya tembo na Mlima Kilimanjaro nyuma yake. Sarafu hizo leo zinagombewa na matajiri wa kukusanya sarafu Ulaya. Sisi tunapita mlimani pale tumelala, mdomo wazi.

Hizo ni za zamani. Za juzi? Golden Pride ya Nzega ilitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 1998 na imeshafungwa. Buzwagi, pale Kahama, uzalishaji ulikoma mwaka 2021, na mpango ukawa kuligeuza eneo liwe la viwanda. Geita na North Mara bado zinavuma, na siku moja nazo zitafika mwisho. Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la Mwadui zilipasuka, tope likafunika mashamba na nyumba za watu, na huo ni mgodi ambao bado una mwenyewe na bado unauza almasi. Sheria zetu za madini zinataka mwenye mgodi mkubwa aweke mpango wa kufunga na dhamana ya fedha ya kukarabati mazingira. Ni jambo jema, Kilembe hawakuwa nalo mwaka 1956. Ninachotamani ni kwamba dhamana hiyo ijadiliwe kwenye mikutano ya vijiji kwa namba zinazoeleweka: pampu ngapi, kwa miaka mingapi, nyumba zitakuwa za nani, mto utapimwa na nani na majibu yatabandikwa wapi. Mwanakijiji wa Kahama akipelekwa Kilembe siku mbili tu, atarudi akiwa anajua cha kuuliza kuliko akihudhuria semina kumi hotelini.

Na msidhani Dar hatumo. Kunduchi Mtongani na Boko kuna mashimo ya mawe ambayo yalijenga nusu ya nyumba za mji huu. Akina mama wamegonga kokoto pale kwa nyundo tangu wakiwa wasichana. Mvua zikija mashimo yanajaa, watoto wanaogelea, na kila baada ya muda tunasikia msiba. Mwenye shimo alishauza mawe yake zamani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mambo ya safari yenyewe, basi, haraka. Hati ya kusafiria ya Afrika Mashariki inatosha, na kadi ya homa ya manjano msiisahau nyumbani. Kutoka Kampala kuna mabasi ya Kasese, mengine yanapitia Fort Portal, mengine Mbarara. Ya Fort Portal yana mandhari nzuri zaidi. Miezi ya Juni hadi Agosti, au Desemba hadi Februari, ndiyo yenye nafuu ya mvua, ingawa Rwenzori haitoi ahadi. Koti zito, hata kama hampandi. Mahandaki msiingie bila kibali na mtu wa mgodi, hata kijana akiwaambia anayajua. Hewa ya handaki la zamani huwezi kuiamini. Na mkitembezwa na mzee, mlipeni. Msimpe soda mkasema asante.

Tumefikiria kuandaa safari ya kikundi, watu kama kumi na wawili, na ningependa angalau wawili wawe wametoka Kahama au Geita, tuchangie nauli yao. Daftari liko kwa katibu pale mlangoni. Sasa maswali. Namuona dada wa shungi la kijani amenyoosha mkono tangu nilipotaja bakteria. Karibu, dada, mpeni kipaza sauti.